Kanyabayonga: "mawazo mingi" si ugonjwa mmoja, na dawa yake si moja

Sokoni, kwenye foleni ya maji au mbele ya kituo cha afya, mtu akiulizwa hali anajibu karibu neno lile lile: "Niko na mawazo mingi." Vijana wao wanasema "stresi". Lakini chini ya neno hilo moja kuna hali nne tofauti, na kuzichanganya kunaumiza watu. Anayehitaji muganga anaambiwa azoee. Anayehitaji kulala anapelekwa kwenye maombi ya usiku kucha. Na anayehitaji shamba anafundishwa namna ya kupumua.

Njia iliyotembewa mara nyingi

Kanyabayonga iko juu ya mlima, upande wa kusini wa wilaya ya Lubero, ikiangalia chini bonde la Rwindi na mbuga ya Virunga. Barabara ya taifa namba 2, ile ya kutoka Goma kwenda Butembo na Beni, inapita hapo. Ndiyo sababu kila mwenye bunduki anautaka mji huu.

Mwezi wa 3, 2024, wapiganaji wa M23 walichukua Rwindi, Vitshumbi na Nyanzale. Watu wa huko walipanda Kanyabayonga na kupokelewa katika nyumba za watu, katika shule na makanisa. Tarehe 28 mwezi wa 6 mwaka huo huo, Kanyabayonga yenyewe ikaanguka. Siku mbili hazikupita, Kayna na Kirumba zikafuata. Aliyepokea na aliyepokelewa wakajikuta kwenye njia moja, wakielekea Alimbongo, Lubero na Butembo, mtoto mgongoni na godoro kichwani.

Kisha yakaja matangazo. Tarehe 5 mwezi wa 7 yalianza mapumziko ya vita kwa ajili ya misaada, majuma mawili, halafu yakaongezwa. Tarehe 4 mwezi wa 8 ulianza usimamishaji wa vita uliokubaliwa Luanda. Wengine wakarudi kuangalia nyumba zao. Mwezi wa 12 mapigano yakawaka tena na Alimbongo ikachukuliwa, kwa hiyo aliyekuwa amesimama Alimbongo akakimbia mara nyingine. Mwezi wa 1, 2025, Goma ikaanguka.

Mtu aliyepita katika hayo yote hana stresi moja. Ana kadhaa, moja juu ya nyingine, na kila moja inafanya kazi yake ndani ya mwili kwa namna tofauti.

Ya kwanza: ile inayookoa

Kwenye bonde la Rwindi, swala akisikia simba anakimbia kabla ya kufikiri. Moyo unapiga haraka, damu inakwenda miguuni, tumbo linasimamisha kazi, macho yanafunguka. Mwili umemwaga dawa yake yenyewe, adrenalini. Mtaalamu wa Marekani Walter Cannon alieleza jambo hilo mwaka 1915: mnyama aliye hatarini anajitayarisha ama kupigana ama kukimbia. Binadamu yuko vile vile.

Usiku wa tarehe 28 ulionyesha hivyo. Mama aliyejifungua juzi alitembea kilomita nyingi. Mzee aliyekuwa analalamika magoti alipanda milima. Wengi walikuja kushangaa baadaye: nguvu ilitoka wapi? Ilitoka kwenye stresi. Bila hiyo wangebaki.

Kwa raia, kukimbia namna hiyo ni akili. Kwa askari ni kosa, hata kama mwili wake umeumbwa sawa na wa raia. Mwanzoni mwa mwezi wa 7, 2024, korti ya kijeshi iliwahukumu askari 25 adhabu ya kifo kwa kukimbia adui na kuiba, baada ya mapigano ya upande huo. Sheria ina sababu zake. Lakini kesi ile ilikumbusha kwamba hofu haichagui nguo.

Baada ya hatari, mwili unachukua muda kushuka. Siku za kwanza mtu anatetemeka, analia bila sababu, hasikii njaa, anasahau jina la jirani. Wengi wanaogopa kwamba wamerukwa na akili. Hapana. Ni injini iliyozimwa lakini ingali moto. Kwa watu wengi hali hiyo inapungua yenyewe kwa siku au majuma machache, wakipata mahali salama, chakula na watu wao.

Mwaka 2011 OMS, yaani Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirika mengine ilitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya roho kwa watu waliotoka hatarini. Unasimama juu ya mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama nani anahitaji msaada wa haraka. Sikiliza anayetaka kusema. Muunganishe mtu na jamaa yake, chakula na huduma. Neno la kushika hapo ni "anayetaka". Kumkalisha mtu chini siku ya pili na kumwambia aeleze yote aliyoona, tena mbele ya watu na simu zinazopiga picha, hakumponyi. Kunaweza kumwongezea.

Kuna pia stresi ndogo ya aina hii ambayo ni ya maisha ya kawaida, nayo si adui. Mwanafunzi anayengojea Exetat, bibi arusi, mkulima anayewahi mvua: wote wanasikia moyo ukipiga, na msukumo huo unawasaidia kufanya kazi. Hans Selye, aliyeanza kuandika juu ya mambo haya mwaka 1936, ndiye baadaye aliyetenganisha stresi inayojenga na ile inayobomoa. Mtoto anayeogopa mtihani hana haja ya kufunguliwa mapepo. Anahitaji taa, daftari na usingizi.

Ya pili: ile inayorudi-rudi

Tofauti kati ya swala na mtu ni hii: simba akienda, swala anarudi kula majani. Robert Sapolsky, mtaalamu aliyechunguza nyani kwa miaka mingi huko Kenya, amelieleza hilo kwa kirefu. Mwili ulitengenezwa kwa hatari fupi, lakini mtu anaweza kuiwasha hatari kichwani hata simba hayupo.

Na kama simba anarudi kweli kila baada ya miezi michache? Hapo kengele ya mwili inajifunza kutozima. Mvua ya mawe ikipiga bati, watoto wanaingia chini ya kitanda. Moto ya mtu ikitoa mlio barabarani, soko zima linainuka. Mama analala na viatu. Baba anaamka saa nane kusikiliza mbwa. Si ujinga. Ni mwili unaofanya hesabu: jana kelele ilikuwa bomu, basi leo pia.

Watu wa Beni wanaijua hali hii kwa muda mrefu zaidi. Tangu mwezi wa 10, 2014, mauaji ya ADF yamewafanya watu wa vijiji vya huko kuogopa jua likianza kushuka. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ni kijana, na hajawahi kuishi mwaka mzima bila habari ya panga.

Stresi ya aina hii ina hatari moja ambayo wachache wanaizungumza: inakuwa ya kundi. Mji ulioshtuka unatafuta mtu wa kumlaumu. Butembo iliona hivyo wakati wa Ebola, pale ambapo watu waliokuja kutibu waligeuka kushukiwa. Tarehe 19 mwezi wa 4, 2019, daktari Richard Mouzoko wa OMS aliuawa akiwa kazini ndani ya hospitali mjini humo. Tarehe 30 mwezi wa 6, 2024, siku mbili tu baada ya Kanyabayonga kuanguka, msafara wa wafanyakazi wa misaada ulishambuliwa Butembo na wawili wakauawa. Kila kisa kina wahusika wake na ni kazi ya sheria kuwatafuta. Lakini uvumi unapata moto kwa urahisi pale ambapo kila mtu amelala saa tatu tu kwa usiku.

Ndiyo maana kupunguza uvumi ni matibabu, si adabu tu. Sauti ya WhatsApp isiyo na jina, isiyosema mahali wala saa, inafanya ndani ya mwili kazi ile ile ya mlio wa bunduki. Jamaa nyingi zimeanza kuwa na desturi ndogo: habari haisambazwi mpaka itoke kwa watu wawili walioko mahali penyewe, na simu inawekwa mbali na kitanda usiku. Jamaa nyingine zimekubaliana mapema: karatasi za nyumba na kadi ya uchaguzi ziko wapi, nani anabeba mtoto yupi, na wakitawanyika watakutana wapi. Mtu anaweza kudhani mipango hiyo inaita bahati mbaya. Kinyume chake, kichwa kinachojua kitakachofanywa kinapata ruhusa ya kulala.

Ya tatu: ile inayokaa

Hii ndiyo kubwa, na ndiyo isiyo na kelele. Hakuna risasi leo. Hakuna mtu anayekimbia. Ila shamba liko upande ambao haufikiki, maharagwe yamevunwa na wengine, nyumba ya kupanga Butembo inadai mwezi wa tatu, mume ameenda kutafuta na simu yake haipiti. Aliyerudi Kanyabayonga naye anaishi chini ya utawala mwingine, jamaa yake ikiwa upande wa pili wa mstari wa vita. Benki zilifungwa pale Goma ilipoanguka, na anayengoja mshahara wa serikali anangoja. "Tutafanya je?" ndiyo sentensi yake.

Hapa mwili haumwagi tu adrenalini ya dakika chache. Unakaa na homoni nyingine, kortizoli, ambayo ni nzuri ikija na kwenda, lakini inachosha ikibaki. Shinikizo la damu linapanda. Kichwa kinauma kila siku. Mtu anasahau alichotumwa. Hamu ya mambo ya ndoa inapotea, na wawili waliopendana wanaanza kutazamana kama wadaiwa. Watu wanakuja kituo cha afya na kusema "malaria", wanapimwa, hakuna malaria, wanapewa vidonge vya maumivu, wanarudi juma linalofuata.

Wengi wa wakimbizi wa vita, wale watu wanaita "badeplase", hawako kambini. Wako ndani ya nyumba za ndugu na marafiki. Methali inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika nyumba nyingi za Lubero na Butembo, siku ya tatu ilipita zamani, na jembe halina pa kulimia. Mwenye nyumba anaona aibu kusema chakula kimekwisha. Mgeni anaona aibu kuomba chumvi. Wote wawili wananyamaza, na ukimya huo unakuja kutoka kwa njia ya ugomvi wa watoto.

Ila methali ile inabeba pia dawa. Jembe halikuwa adhabu kwa mgeni: lilikuwa linamrudishia kazi, na kazi inamrudishia mtu jina lake. Mkulima aliyekuwa anauza magunia ya viazi na leo anangoja bakuli haumizwi na njaa peke yake. Anaumizwa na kutokuwa na neno la kusema nyumbani. Jamaa zilizompa mgeni kipande cha kiwanja alime mboga, au zilizomwingiza katika likelemba ya mtaa hata kwa franka kidogo, zimefanya jambo ambalo hakuna kidonge kinaweza kufanya.

Na hapa ndipo mafundisho mengi juu ya stresi yanapokosea njia. Kupumua polepole kunasaidia mwili kushuka, hilo ni kweli. Lakini kupumua hakulipi kodi ya nyumba. Ukimwambia mtu mwenye njaa kwamba tatizo lake ni namna anavyofikiri, umemwongezea mzigo: sasa ana njaa na ana kosa. Stresi inayokaa inadai swali la kwanza liwe la vitu: nini kinaweza kubadilika juma hili, na nani ana uwezo wa kukibadilisha? Mengine yako mikononi mwa mtu: kulala saa moja ile ile, kutolala na deni ambalo mke au mume halijui, kupunguza kasiksi na kanyanga, kwa sababu pombe inaleta usingizi wa saa mbili na kuiba ule wa usiku mzima. Mengine yako mikononi mwa mtaa. Na mengine, yaliyo makubwa zaidi, yako mikononi mwa serikali, AFC/M23 na wakubwa wanaokaa mezani nchi za mbali.

Meza hizo nazo zina stresi yake. Tarehe 27 mwezi wa 6, 2025, Kongo na Rwanda walitia sahihi Washington. Mwezi wa 11 serikali na AFC/M23 walitia sahihi mpango wa Doha. Tarehe 4 mwezi wa 12 marais walikutana tena Washington, na juma hilo halijapita M23 ikaingia Uvira. Kila sahihi inainua roho ya mtu anayengoja kurudi shambani, kisha inamwangusha. Asiyetaka tena kusikia habari za amani si lazima awe amechoka na amani. Pengine anachunga roho yake isianguke mara ya nne.

Kilio ambacho hakikufanyika

Kabla ya wataalamu wote, watu wa milima hii walikuwa na matibabu yao. Mtu akifa, nyumba inajaa. Moto unawashwa nje, watu wanalala hapo, wanaimba, wanaeleza maisha ya marehemu, wanacheka hata. Siku zinahesabiwa, kisha kilio kinafungwa na jamaa inarudi kazini. Matanga yanafanya kile ambacho vitabu vya saikolojia vinaeleza kwa kurasa nyingi: yanatoa mwanzo na mwisho kwa uchungu, na yanamzuia mtu kulia peke yake.

Matanga hayo yamepigwa mara tatu. Kwanza ilikuja Ebola. Ugonjwa uliotangazwa tarehe 1 mwezi wa 8, 2018, na kumalizika tarehe 25 mwezi wa 6, 2020, uliua watu 2,287 kati ya 3,470 waliougua, wengi wao katika maeneo ya Beni, Mangina, Katwa na Butembo. Ili kuzuia kuambukizana, kugusa na kuosha marehemu kulikatazwa. Ilikuwa lazima, na iliokoa maisha. Lakini kuna watu mpaka leo wanaota mtu wao akiuliza kwa nini hawakumwosha.

Pili ikaja vita. Aliyefia njiani alizikwa njiani, na aliyemzika hakukaa hata usiku mmoja. Wengine hawajui kama mtu wao amekufa, kwa hiyo hawawezi kulia wala kuacha kungoja.

Tatu, mahali penyewe pa kilio pakawa pa hatari. Usiku wa tarehe 8 mwezi wa 9, 2025, huko Ntoyo, wilaya ya Lubero, wapiganaji wa ADF waliwavamia watu waliokuwa matangani na kuua zaidi ya 60. Tangu hapo, hata anayetaka kwenda kumfariji jirani anajiuliza mara mbili.

Uchungu usiofungwa hauozi wala haupotei. Unakaa. Baadhi ya makanisa na jamaa zimeona hilo na zinafanya kilio cha kuchelewa: siku moja, mchana, majina yanasomwa, picha au nguo ya marehemu inawekwa mezani, watu wanakula pamoja na kufunga. Ni jambo dogo lisilohitaji shirika wala bajeti, na wengi wanaotoka hapo wanalala vizuri zaidi kuliko jana.

Ya nne: jeraha la roho

Kuna mahali ambapo maneno ya jirani, kazi na maombi havitoshi. Mtu ameona mauaji, au amebakwa, au ametekwa. Mwezi umepita na zaidi, na bado tukio linarudi kama linatokea sasa: ndoto, harufu, sauti. Anakwepa njia fulani, watu fulani, hata nguo za rangi fulani. Au amekuwa kama jiwe, hasikii furaha ya mtoto wake. Mtoto naye, aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani, ameanza tena, au ameacha kusema. Hii haiitwi tena mawazo mengi. Ni jeraha, na jeraha linafungwa na mtu anayejua.

Mwaka 2019 OMS ilitoa hesabu kwamba katika maeneo yaliyopita vitani, mtu 1 kati ya 5 anaishi na tatizo fulani la afya ya akili, kuanzia jepesi mpaka zito. Hesabu hiyo inasomwa pande mbili. Kwanza, katika kila benchi la kanisa yuko mmoja anayehitaji msaada. Pili, wanne kati ya watano hawaugui, hata baada ya vita. Kwa hiyo si kweli kwamba "watu wote wa huku wameharibika kichwa", kama inavyosemwa wakati mwingine huko Kinshasa na nje.

Na jeraha hili linapona. Mwaka 2013 ulitolewa uchunguzi uliofanyika katika vijiji 16 vya Kivu ya Kaskazini na ya Kusini, pamoja na wanawake 405 waliopitia ubakaji. Kundi moja lilipata msaada wa kawaida wa mtu kwa mtu. Lingine lilikutana kikundi, majuma 12, likiongozwa na wasaidizi wa kisaikolojia Wakongomani, wale wanaoitwa APS, ambao walipata mafunzo maalumu. Miezi sita baada ya kumaliza, waliobaki na dalili za huzuni nzito au wasiwasi mkubwa walikuwa 42 kwa mia katika kundi la kwanza, na 9 kwa mia katika la pili. Wengi wa wanawake hao hawakujua kusoma, na vijiji vyao vilikuwa bado katika hatari. Haikungojwa amani ije kwanza.

Shida ni njia ya kufika kwenye msaada. Vituo vinavyojulikana, kama Tulizo Letu ya Goma na SOSAME ya Bukavu, viko mbali na ng'ambo ya vizuizi vingi. Ila mlango wa kwanza si lazima uwe hospitali ya akili. Kituo cha afya cha karibu ndicho cha kuulizwa kama kuna APS, hata anayepita mara moja kwa mwezi. Kwa aliyebakwa, saa zinahesabiwa: dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inafanya kazi ikianzwa ndani ya saa 72, na ya kuzuia mimba ndani ya siku 5. Aibu inaweza kungoja, dawa haiwezi.

Na mtu akisema anataka kufa, haachwi peke yake usiku ule. Haambiwi kwamba ametenda dhambi kusema hivyo. Anauliziwa, anasikilizwa, sumu ya panya na dawa za shamba zinatolewa nyumbani, na asubuhi anasindikizwa kituo cha afya. Wachungaji na wazee wa maombi wana nafasi yao kubwa hapa, kwa sababu ndio wanaofikiwa kwanza. Wanaombwa jambo moja: maombi yaende pamoja na matibabu, na asiwepo anayefungwa kamba, kupigwa au kuachishwa dawa zake.

Sauti pia ni dawa

Upande wa Uganda, katika kambi ya wakimbizi ya Rhino, OMS na wenzake walijaribu njia nyingine na wanawake 694 kutoka Sudan Kusini. Hakuja daktari. Ilikuja sauti iliyorekodiwa, mikutano mitano, watu mpaka 30 pamoja, na mtu wa kawaida wa kuongoza. Walijifunza kujirudisha mahali walipo wakati mawazo yanawakokota: kukanyaga chini kwa miguu miwili, kutoa pumzi polepole, kutaja vitu vitano wanavyoona, kisha kurudi kwenye jambo lenye maana kwao siku hiyo. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha kwamba miezi mitatu baadaye waliokuwa kwenye mikutano walikuwa na mateso madogo ya roho kuliko wengine. Mahali ambapo barabara zimefungwa lakini redio inasikika, somo hilo lina uzito.

Halichukui nafasi ya usalama, wala ya shamba. Linampa tu mtu nguvu ya kuvuka siku ili aweze kudai hivyo viwili.

Basi jirani akisema "niko na mawazo mingi", kabla ya kumjibu "zoea tu, ni vita", kuna maswali matatu ya kumwuliza. Ilianza lini? Inarudi wakati gani? Nini kikibadilika itapungua? Ikiwa ilianza juzi baada ya kukimbia, mpe mahali pa kulala na usimsukume kusema. Ikiwa inarudi na kila kelele na kila ujumbe wa simu, msaidie kupanga na kuchuja habari. Ikiwa itapungua akipata kodi, mbegu au habari ya mumewe, zungumza naye juu ya kodi, mbegu na mume, na mtafute pamoja anayeweza kusaidia. Na ikiwa mwezi umepita, anaishi ndani ya usiku ule ule na hakuna kinachopunguza, msindikize kituo cha afya. Kumsindikiza, si kumtuma: wengi wanaorudia njiani ni wale waliokwenda peke yao.